Aliguswa au Alijiangusha

Jumamosi ile nusu ya Honiara, mji mkuu wa Visiwa vya Solomon, ilikuwa imejazana kwenye uwanja wa Lawson Tama, na nusu iliyobaki ilikuwa na redio sikioni. Kwa hiyo Olivet Pitakoe aliposema kwamba Hudson Fanafua amejiangusha, hakuna aliyekosa kusikia.

Zilikuwa dakika za nyongeza. Mataniko Rovers na wageni wao kutoka Port Vila walikuwa hawajafungana, na atakayeshinda ndiye angeingia fainali ya klabu za visiwani. Hudson alipokea mpira akiwa amelipa goli mgongo, akageuka, akampita beki wa kwanza kana kwamba hakuwapo, akaingia eneo la hatari na kwenda chini. Filimbi ikalia. Watu waliokuwa wamekaa kwenye mlima ulio kando ya uwanja wakasimama wote kwa pamoja, wenye miavuli na wenye watoto mabegani.

Olivet alikuwa kwenye kibanda cha watangazaji, jasho likimtoka hadi viganjani. Watu walimpenda kwa sababu hakuwahi kuipamba mechi mbaya wala kumsitiri mchezaji mvivu. Akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti na kusema kwa sauti ileile aliyotumia tangu mwanzo: "Mwamuzi ametoa penalti. Lakini mimi sijaona mguu wa beki ukimgusa. Kwa macho yangu, Fanafua amejiangusha."

Hudson akauweka mpira, akarudi nyuma, akafunga. Rovers wakaingia fainali. Lakini kabla watu hawajateremka mlimani, vijana walikuwa wameshaanza kuangushana makusudi barabarani na kucheka, na pale soko kuu akina mama wauza popoo za kutafuna walikuwa wakiulizana kama Fanafua ameanguka tena. Kila mwenye simu alikuwa na picha ya tukio lile, na kila picha ilionyesha mgongo wa beki tu.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba mtangazaji na mshambuliaji wale walikuwa wapenzi, na kesho yake, Jumapili, Hudson alitakiwa kufika nyumbani kwa kina Olivet, mtaa wa Vura, kumposa.

Walijuana siku Hudson aliporudi kutoka Auckland na goti lililopasuliwa. Kabla ya hapo mambo yake yalikuwa yanapanda tu. Alizaliwa kwenye kisiwa kidogo cha mawe kilichojengwa na mababu zake katikati ya maji ya wangwa wa Lau, huko Malaita, mahali ambapo ukiupiga mpira kwa nguvu unaingia baharini na ni juu yako kuogelea kuufuata. Ndiyo maana mpira haukumwondoka mguuni. Akaja Honiara akiwa bado kijana mdogo, akachukuliwa na klabu ya Suva, kisha Auckland, na huko goti likakatika. Aliporejea, watu walimpa pole kama mtu aliyefiwa. Olivet alimwita redioni na badala ya pole akamuuliza kama mpira wake umekwisha. Hudson alicheka, akamwambia, "Njoo Jumamosi uone." Alifunga mawili. Baada ya mechi alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha watangazaji, jezi ikiwa imelowa chapachapa, akamuuliza yule dada kama ana swali jingine.

Alikuwa nalo. Na tangu siku hiyo maswali yao hayakwisha.

Sasa klabu moja ya Malaysia ilikuwa imemsainisha mkataba wa miaka miwili. Fainali ingechezwa Jumanne, na Jumatano yake angepanda ndege. Jumapili ile ilikuwa nafasi yake ya pekee.

Jioni ya mechi alimpigia Olivet simu. Olivet alikuwa bado anakunja nyaya, na alikuwa amejiandaa kwa makelele. Alitamani hata apigiwe makelele, maana mtu akikufokea unajua pa kusimama. Hudson hakufoka.

"Uliona kweli, au ulidhani umeona?" aliuliza.

"Niliona."

"Basi sawa. Kesho nakuja kama tulivyopanga."

Akakata. Olivet akarudi kukunja nyaya.

*

Baba yake Olivet, mzee Barnabas Pitakoe, alikuwa mwamuzi wa mpira maisha yake yote ya ujana, na ingawa filimbi alishaitundika, macho yake yalikuwa bado ya mwamuzi. Alimfahamu Hudson vizuri. Yeye ndiye aliyempa kadi nyekundu katika fainali ya taifa, Hudson akiwa na miaka kumi na tisa, kwa kumpiga mtu kiwiko. Tangu hapo, kila mara jina la Hudson lilipotajwa pale nyumbani, mzee aliguna. Aliamini kwamba washambuliaji ni watu wanaoishi kwa kudanganya: wanamdanganya beki, wanamdanganya kipa, wakipata nafasi wanamdanganya na mwamuzi, na mtu aliyezoea hivyo kutwa hawezi kuvua uongo mlangoni pamoja na njumu.

Hata hivyo, tangu arudi kutoka uwanjani Barnabas hakuwa amesema lolote kuhusu penalti ile. Mzee ambaye kwa kawaida huijadili filimbi moja hadi wali unapoa, safari hii alikula kimya akaenda kulala. Olivet alidhani baba yake anamwonea huruma.

Jumapili, baada ya ibada, Hudson alifika na baba yake mdogo, mzee Silas, mtu mnene mwenye meno mekundu kwa popoo, aliyebeba jodari wawili wakubwa na kikapu cha magimbi. Hudson alivaa shati jeupe, suruali ya kupigwa pasi, soksi na viatu vya kanisani. Alikuwa akichechemea kidogo na kujitahidi isionekane. Mama yake Olivet, mama Vaelyn, aliwapokea kwa furaha isiyojificha. Yeye alimpenda Hudson tangu zamani na hakumwomba mtu ruhusa ya kumpenda.

Wazee walipokuwa wakiulizana habari za Roviana, kwao kina Pitakoe, na habari za Lau, Hudson alitoka kwenda kunawa nyuma ya nyumba. Olivet akamfuata na taulo. Hapo kwenye bomba, chini ya paa la bati lililokuwa linachoma, walitazamana kwa mara ya kwanza tangu ile filimbi. Ilikuwa ni tabia yao kutazamana muda mrefu kabla ya kusema, na hata leo, na hasira zote zile, Olivet aliona vigumu kuyaondoa macho yake kwenye uso ule. Alitaka kumpiga na taulo. Alitaka pia kumfuta maji yaliyokuwa yanashuka shingoni.

"Mguu unauma?" aliuliza.

"Unauma."

"Nionyeshe."

"Hapana," alisema Hudson taratibu. "Sitavua soksi ili unipende, Olivet."

"Nani amesema sikupendi? Nimesema umejiangusha."

"Mbele ya nchi nzima."

"Kazi yangu iko mbele ya nchi nzima. Kama ulitaka mwanamke wa kukutetea kila akishika kipaza sauti, umekosea mlango."

"Sikuja kutafuta wakili. Ungesema hukuona vizuri, ningekaa kimya. Ungesema beki alikuzibia, ningekaa kimya. Ulisema nimejiangusha. Sasa mimi nakwambia, mimi niliyekuwa ndani ya kile kiatu: niliguswa. Unaniamini au huniamini?"

Ndani ya Olivet kulikuwa na mwanamke aliyetaka kusema ndiyo haraka na mambo yaishe. Lakini kulikuwa na mwingine pia, na huyo ndiye aliyependwa na Hudson.

"Nikisema nakuamini kwa sababu unaondoka Jumatano, nitakuwa nimekudanganya," alijibu. "Niliona nilichoona."

Hudson alimtazama, kisha akafanya jambo ambalo Olivet hakulitarajia. Alitabasamu. Halikuwa tabasamu la furaha, lakini lilikuwa la kweli.

"Basi usiseme," alisema. Akachukua taulo, vidole vyake vikakaa juu ya vya Olivet muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kidogo tu, akaingia ndani.

*

Chakula kilikuwa tayari: jodari wa tui, viazi vitamu, mboga ya majani yenye utelezi, na pudini ya muhogo ambayo mama Vaelyn hakumpikia mtu asiyempenda. Mzee Silas alisafisha koo na kueleza alichojia. Alisema vizuri, kwa heshima zote, kwamba nyumba ya Fanafua imeona ua katika nyumba ya Pitakoe, na kwamba watu wa Lau wakiona jambo jema hawaendi mikono mitupu. Fedha za gamba, ile mikufu ya shanga za magamba ya baharini inayotolewa mahari, zingeletwa kama walivyofanya mababu.

Mzee Barnabas alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hapana.

Hakusema kwa ukali. Alieleza kwamba kwao Roviana binti hapangiwi gamba, kwa hiyo hilo lisiwasumbue. Kinachomsumbua ni kazi ya kijana. Leo Suva, kesho Auckland, keshokutwa Malaysia, goti moja limeshapasuliwa na jingine linasubiri. Binti yake ataolewa na mkoba wa safari. Na juu ya hayo kuna lile la jana.

"Binti yangu mwenyewe amesema umejiangusha," alimalizia, macho yake yakiwa kwenye sahani. "Mimi niseme nini zaidi?"

Mzee Silas alisukuma kiti nyuma. Alisema hakusafiri kutoka Malaita kwa meli, na matapishi ya watu miguuni, ili mtoto wa marehemu kaka yake aitwe mwongo mbele ya samaki aliyemleta mwenyewe.

"Baba mdogo, kaa," Hudson alimwambia.

"Nikae nile nini? Maneno?"

"Kaa, tafadhali. Sijamaliza."

Silas akakaa. Hudson akaweka mikono yake juu ya meza, wazi, kama mtu asiye na haraka.

"Mzee," alisema, "ile kadi nyekundu ilikuwa halali. Yule beki alinitukana mama, nikampiga kiwiko, na wewe ulikuwa karibu ukaona. Watu wangu walitaka kukuvamia pale uwanjani, mimi nikawaambia waache, mzee yuko sahihi. Labda hukuwahi kujua."

Mzee Barnabas aliinua macho. Hakuwahi kujua.

"Kwa hiyo sio kwamba nikikosa nakataa. Lakini jana niliguswa. Olivet amesema alichoona, na simlaumu kwa kusema. Ningemlaumu kama angeona hivyo halafu akanificha. Kazi yangu sitaiacha, mzee, maana mimi ni mshambuliaji na nitakuwa mshambuliaji mpaka miguu ikatae. Sitakuahidi kazi ya ofisi bandarini ili unipe mke. Jumatano nakwenda. Nikirudi nitakuja tena kwenye meza hii na ombi lilelile. Ukikataa, nitakwenda, nitarudi, nitakuja tena. Wewe utachoka kabla yangu."

Mama Vaelyn aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Olivet hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hakuna mtu aliyewahi kusema na baba yake hivyo, bila kuogopa na bila kumvunjia heshima, na alijua pale pale kwamba huyu mtu akiondoka Jumatano bila yeye kuwa wake, redioni atakuwa na la kusema lakini nyumbani hatakuwa na wa kumwambia.

Ndipo mama Vaelyn akaweka kijiko chini.

"Baba Olivet," alisema, "wewe jana ulikaa wapi?"

"Uwanjani. Unajua."

"Uwanjani wapi?"

Mzee akapangusa mdomo. "Penye kibendera cha kona. Pale wanapotuwekea viti waamuzi wastaafu."

"Upande wa goli gani?"

Olivet alimgeukia baba yake polepole. Kibanda cha watangazaji kilikuwa mbali, upande wa pili. Kibendera cha kona kilikuwa hatua chache tu kutoka pale Hudson alipoanguka, na hakuna beki wala mtu aliyekuwa amesimama katikati.

"Baba," aliuliza, "ulionaje?"

Mzee Barnabas alikaa akipambana na nafsi yake, na wote pale mezani walimwona akipambana. Angeweza kusema jua lilikuwa machoni. Angeweza kusema amezeeka. Hakuna ambaye angemshitaki. Mwishowe alisimama, akazunguka meza, akasimama nyuma ya kiti cha Hudson.

"Vua kiatu cha kulia," aliamuru.

Hudson alisita, akamtazama Olivet kidogo, kisha akainama akavua kiatu na soksi. Mzee hakuuangalia mguu. Alimwangalia binti yake.

"Beki aliingia na mguu wa kushoto, mpira ukiwa umeshapita," alisema. "Alikanyaga upande wa nje, juu ya kidole kidogo. Meno mawili ya njumu yalishika, mengine hayakushika. Sasa tazama."

Olivet akainama. Upande wa nje wa mguu, juu kidogo ya kidole cha mwisho, ngozi ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi, na katikati ya uvimbe kulikuwa na alama mbili za duara, zimekaa jirani.

"Ilikuwa penalti," alisema mzee. "Hata mimi ningepiga filimbi."

Olivet aliinuka. Uso ulikuwa unamwaka. "Kwa nini hukuniambia jana?"

"Kwa sababu kosa lako lilinifaa."

Alirudi kwenye kiti chake na kukaa kwa uzito. Akasema, sasa akimwelekea mzee Silas kana kwamba kwa mzee mwenzake ni rahisi zaidi, kwamba maisha yake yote hajawahi kupiga filimbi kwa kumchukia mtu, na jana ndiyo mara ya kwanza ameinyamazia filimbi kwa kumchukia mtu, na usingizi haukumjia. Alitaka kumkataa kijana kwa uongo ambao macho yake yenyewe yameukana. "Hilo siliwezi," alisema. "Nikimkataa lazima niwe na sababu nyingine, na tangu asubuhi naitafuta, siioni. Kusafiri? Hata mimi nilisafiri. Mama Olivet anajua alivyonisubiri."

"Nilikusubiri sana," alisema mama Vaelyn. "Kula, samaki anapoa."

Mzee Silas akacheka kwanza, kicheko kikubwa kilichotikisa tumbo, na baada ya hapo wazee hawakushikika. Waligombana juu ya fedha za gamba kwa raha kabisa, Barnabas akisema kwao hazipokelewi na Silas akisema kwao zisipotolewa ni aibu, mpaka wakakubaliana zitaletwa, na mama Vaelyn ndiye atakayezipokea, maana yeye hajasema hataki.

Katikati ya kelele hizo Hudson alimgeukia Olivet. Mguu wake mmoja ulikuwa bado hauna kiatu.

"Mimi nilikuja kuuliza swali," alisema.

"Najua."

"Niulize?"

"Leo usiniulize," alisema Olivet. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa imara. "Nina kazi ya kumaliza kwanza."

*

Jumatatu asubuhi, wakati wa habari za michezo, redio zilikuwa zimewashwa kwenye maduka ya Point Cruz na kwenye vibanda vya samaki. Watu walitaka kujua maandalizi ya fainali. Olivet hakuanza na fainali.

"Jumamosi nilisema Hudson Fanafua alijiangusha," alisema. "Nilikosea. Alikanyagwa upande wa nje wa mguu wa kulia, mimi nilikuwa mbali na beki alinizibia. Mwamuzi alikuwa sahihi. Nilipaswa kusema sikuona, nikasema ameanguka mwenyewe. Ilikuwa penalti, na aliyeipata aliistahili. Sasa twende kwenye fainali."

Akaendelea na kikosi, hali ya uwanja, majeruhi. Hakuongeza neno la utamu, wala sauti yake haikulegea alipolitaja jina la Hudson. Msikilizaji yeyote angedhani anazungumzia mtu aliyemwona uwanjani tu.

Alipotoka, Hudson alikuwa amesimama nje ya geti la kituo, amevaa kandambili, mguu wa kulia umefungwa bendeji. Watu wawili watatu waliokuwa wanapita walimwita kwa jina na kumwomba radhi kwa kuchekesha, mmoja akijifanya kuchechemea. Aliwapungia mkono bila kuwaangalia.

"Nimesikia," alimwambia Olivet.

"Hiyo ilikuwa ya kazini. Hukuwa na haja ya kuja kushukuru."

"Sikuja kushukuru."

Walitazamana, na safari hii hakukuwa na hasira yoyote ya kupita katikati. Olivet alisogea hadi karibu, akaona alivyokuwa akihema, yeye mwanamume ambaye mbele ya kipa na uwanja mzima hupiga penalti kama anayechota maji.

"Malaysia siji," alisema Olivet. "Nataka ujue kabla hujauliza. Kazi yangu iko hapa na bado sijaimaliza. Ligi yenu ikisimama utakuja kunioa kule Munda, nyumbani kwao mama. Mkataba wako ukiisha tutakaa chini tuone ni zamu ya nani kuhama."

"Na kama ikiwa zamu yangu?"

"Utahama."

"Nitahama," alisema Hudson. Alisema upesi kiasi kwamba wote wawili walishangaa, kisha akamshika mikono. "Olivet Pitakoe, utakuwa mke wangu?"

"Ndiyo," alisema. Akaiacha mikono yake mikononi mwa Hudson, na hapo hapo getini, mchana kweupe, mlinzi akitazama, akaegemeza paji lake la uso kwenye kifua chake. Moyo wa mshambuliaji ulikuwa unapiga kwa kishindo.

"Lakini Hudson," alisema bila kuinua kichwa.

"Naam."

"Siku ukijiangusha kweli, nitasema."

Alimsikia akicheka ndani kwa ndani, kicheko kikitoka kifuani na kumwingia yeye.

"Sema," Hudson alimwambia. "Na useme kwa sauti."